Mikanda Minane

Kiuno hakiko mahali pamoja. Nimelisema neno hili kwa miaka thelathini na minne, tangu niliponunua cherehani changu cha kwanza, na bado wanawake wa Bagamoyo wananijia na picha kwenye simu wakitaka niwakatie kiuno pale kilipo kwa msichana wa kwenye picha. Mungu hakuwaumba kwa futi moja ya kupimia. Kuna ambaye kiuno chake kiko karibu na mbavu, kuna ambaye kimeshuka, kuna ambaye hakionekani mpaka umtafutie, na kuna ambaye kinaonekana hata ndani ya baibui na wala hahitaji msaada wangu. Kazi ya fundi ni kukiona. Asiyekiona akauze maandazi.

Mimi ni Mize binti Abdillah, fundi wa mtaa wa Dunda. Najitaja mapema kwa sababu kisa hiki kimeshasimuliwa mjini kwa namna tatu, na zote tatu zinanisingizia. Wanasema niliharibu sare za harusi ya watu kwa kiburi. Kiburi ninacho. Kuharibu sikuharibu.

Bi Taghreed alikuja dukani kwangu siku ya Jumatatu, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya kumpamba Sabah, binti wa kaka yake Azan. Ni watu wa biashara, asili yao Omani, na jamaa zao wengi bado wako Maskati. Alinitupia mezani robota la kitambaa cha kijani, kizito, kinachoteleza mkononi, kilicholetwa na ndege. Sare ya wanawake tisa wa nyumba. Sare si jambo dogo kwetu. Siku ya kupamba, mgeni akiingia anatazama nani amevaa sare na nani hakuvaa, na hapo hapo anajua nani ni wa nyumba na nani amekuja kula pilau.

"Mshono ni huu," akasema Bi Taghreed, akinisogezea simu. "Na kiuno nakitaka hapa, kwa wote. Inchi kumi na tano kutoka begani, mkanda wa vidole vinne, fundo kwa nyuma, mikia ifike pindoni. Wakisimama jukwaani nataka mstari mmoja kama umepigwa rula. Video inakwenda Maskati."

"Bi Taghreed, hao watu tisa hawana kiwiliwili kimoja. Ukiwakata wote inchi kumi na tano..."

"Fundi Mize, mji huu fundi ni wewe. Wengine wote wanatia viraka. Ungekuwa hupo ningepeleka Dar."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili lilikuwa ndani ya mfuko aliouacha. Kwetu mtu akiwa na haraka hatumi mwili, hutuma gauni. Unachukua gauni lako moja lililokukaa vizuri, unampelekea fundi, yeye analitandaza juu ya kitambaa kipya, anapiga chaki pembeni, anakata. Gauni la kipimo, tunaliita. Kwa dera halina neno, maana dera halimkatai mtu. Kwa gauni lenye kiuno ni hatari, na mimi nalijua hilo kuliko yeyote. Lakini siku zilikuwa chache na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Mfukoni mlikuwa na magauni tisa. La Raya lilikuwa la bluu, na lilinuka dawa ya mende ya sandukuni. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili zangu.

Raya ni dada mkubwa wa Sabah. Mama yao, Kibibi, alikuwa mtu wangu. Tulicheza pamoja, na gauni la harusi yake nililishona mimi. Alifariki Sabah akiwa na miaka minne na Raya kumi na sita. Raya akaacha shule, akamlea mdogo wake. Alimwogesha, alimsuka, alimpeleka chuoni kusoma Kurani akiwa amemshika mkono, na alipoolewa na mkulima wa mananasi kule Kiwangwa alimchukua akakaa naye miaka mitatu. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atamwingiza Sabah siku ya kupambwa. Bi harusi haingii peke yake. Huingizwa na dada yake mkubwa, ameshikwa mkono wa kulia, kutoka chumba cha kuvalia mpaka kwenye kiti. Kibibi mwenyewe aliliomba hilo akiwa kitandani, na mimi nilikuwapo. "Mshike mkono mpaka akae," alimwambia Raya. Maneno mengine yote ya siku ile nimeyasahau.

Nikakata magauni yote tisa kwa siku mbili, nikapiga bandi tu, yaani uzi wa kushikiza, ili nikiita watu wajaribu niweze kufumua.

Mtu akijaribu gauni kwangu ana amri tatu: kaa, inama, inua mikono. Sijali kama ni mke wa nani. Gauni halivaliwi kwa kusimama tu. Mwanamke atakaa mkekani, atainama kumbusu bibi yake mkono, atainua mikono ngoma ikikolea. Gauni linalokubali kusimama peke yake ni la sanamu ya dukani.

Bi Taghreed alikuja wa kwanza. Akalivaa, akavuta pumzi ndani, akabaki hivyo mbele ya kioo, midomo imebanwa.

"Limenikaa," akasema kwa pua.

"Kaa kwenye kiti."

"Nina haraka."

"Gauni lako la kipimo ni la lini, Bi Taghreed?"

"Mwili wangu haujabadilika tangu Azan alipooa."

Azan alioa kabla Raya hajazaliwa, na Raya ana miaka thelathini na miwili. Nilimwambia kwa adabu kwamba nimeacha akiba ya kitambaa, vidole viwili kila ubavu, naweza kumlegezea. Akajitazama kwa upande, akagusa pale kwenye mshono.

"Hiyo akiba ndiyo inayonivimbisha. Ikate."

"Nikikata haitarudi."

"Fundi, nimesema ikate."

Nikaikata mbele yake, vipande vikaanguka sakafuni, na nikamtilia zipu. Sikujuta siku ile na sijuti leo.

Kesho yake Raya alikuja kutoka Kiwangwa na mananasi matatu kwenye kikapu. Sikuwa nimemwona kwa miaka minne. Alikuwa amezaa mapacha, amenenepa, amepanuka mabega na nyonga, na alikuwa mzuri. Nasema alikuwa mzuri kwa sababu nilimtazama kama fundi, na fundi akitazama anaona mahali pa kuanzia. Ulikuwa ni mwili wa Kibibi. Ilibidi nigeukie dirishani kidogo.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Vaa tuone."

Nyuma yake akaingia Bi Taghreed, ambaye sikumwita.

Gauni lilipita kichwani, likapita mkono mmoja, likakwama. Raya akajaribu kulivuta taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akaacha, mikono yake ikiwa juu na uso wake ndani ya kitambaa. Nikamsaidia kulitoa. Uso ulikuwa mwekundu. Nikachukua lile gauni la bluu la kipimo, nikaliinua.

"Raya, hili ulilivaa lini?"

Akalitazama. "Hili nililivaa nikiwa msichana, Bi Mize. Nililiacha kwa baba. Sikulituma mimi."

Nikamtazama Bi Taghreed. Hakuinamisha hata jicho.

"Nililikuta sandukuni," akasema. "Kiwangwa ni mbali, ningetuma nani? Na hata angepimwa, ule mshono si wa mwili huo. Tuseme ukweli. Mwili ni wa upande wa mama yake, hakuna wa kulaumiwa. Sare haikumkaa, basi. Ambaye sare haikumkaa hapandi jukwaani. Atavaa baibui, atasimamia jikoni. Pale ndipo tunapohitaji mtu wa kuaminika. Sabah ataingizwa na Amal."

Amal ni binti yake mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na tisa.

"Gauni likimkataa mtu, kosa ni la gauni," nikamwambia. "Na kosa la gauni ni langu. Nitakata jingine."

"Kwa kitambaa kipi? Robota limekwisha. Nimeuliza mpaka Maskati, hakipo tena." Akachukua mkoba wake. "Mstari mmoja, Fundi. Usisahau."

Alipotoka, Raya alikaa kwenye kiti changu cha majaribio akakunja lile gauni la kijani vizuri, kona kwa kona, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

"Niache tu, Bi Mize. Jikoni nimezoea. Na shangazi ndiye aliyelipia kila kitu. Nikigombana naye sasa, Sabah ndiye atakayelia."

Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia shangazi yake. Nikamwambia asinifundishe uvumilivu, uvumilivu wake ndio uliowapa watu mgongo wa kukanyaga. Nikamwambia mama yake hakumwomba asimamie pilau. Akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na hapo ndipo simu yake ikalia kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa Sabah. Bi harusi alikuwa ameshawekwa ndani, anasingwa mwili kwa manukato, hatoki wala haonwi, lakini shangazi alikuwa ameshapiga simu njiani, na habari zilikuwa zimemfikia kabla ya Bi Taghreed kufika nyumbani.

"Dada," sauti ilisema, "miguu ni yangu. Kama si wewe uliyenishika mkono, sitoki chumbani. Wakapige picha kiti."

Raya akaisikiliza mara mbili. Akafuta uso kwa mtandio.

"Ni mkaidi," akasema.

"Amelelewa na nani?" nikamuuliza.

Basi nikampima. Nilimfunga lastiki tumboni nikamwambia atikise nyonga mara tatu kama yuko ngomani. Lastiki haidanganyi, inateleza yenyewe mpaka ipate mahali pake. Kwa Raya haikushuka, ilipanda. Ilipanda mpaka chini ya kifua ikatulia pale, mahali pembamba kuliko pote, ambapo inchi kumi na tano za Bi Taghreed zisingefika wala kwa maombi. Kiuno chake kilikuwa hapo. Ukikifunga hapo, na kitambaa kikaachwa kishuke kwa marinda mpaka chini, nyonga zinapita ndani kwa nafasi yake na mwanamke anaonekana mrefu kuliko alivyo. Nililiona gauni lote kichwani. Kilichokosekana ni kitambaa. Nilihitaji upana wa mikono minane, na mezani palikuwa na chenga.

Nikalala na hilo, nikaamka nalo.

Jumamosi akaja Amal kujaribu lake. Mtoto ana mwili ulionyooka, kutoka kwapani mpaka nyonga hakuna kona. Ukimfunga mkanda mpana katikati unamkata vipande viwili. Alikaa, akainama, akainua mikono, gauni likatii. Kisha akajitazama kwenye kioo.

"Bi Mize, nisikufiche, huu mkanda nauchukia. Nafanana na mzigo uliofungwa kamba."

Akaufungua akautupa sakafuni. Nikautazama pale chini. Vidole vinne upana, lakini umekunjwa mara mbili, kwa hiyo ukiufumua ni vidole vinane. Urefu wa kuzunguka kiuno, na mikia miwili ya kufika pindoni. Mkanda mmoja, ukiufumua na kuukata katikati, unatoa vipande viwili virefu kama sketi. Na mikanda ilikuwa tisa.

Nilikaa chini nikacheka mpaka Amal akaniuliza kama nina homa.

Nikamwambia ukweli wote, maana sikutaka kumdanganya mtoto dhidi ya mama yake. Nikamwambia mkanda huu ukiuacha, unakwenda kwenye gauni la Raya, na Raya ataingia na Sabah badala yako, na mama yako hajui. Ukiogopa, uchukue uende, na mimi sitakuchukia.

Amal akauokota, akaukunja, akaniwekea mezani.

"Mimi nilikuwa sijui nitaanzaje kumwingiza," akasema. "Sabah mwenyewe angeniuma."

Nikamshushia kiuno mpaka kwenye nyonga kwa ile akiba niliyoiacha, nikamtilia marinda kuanzia pale. Ghafla akawa na nyonga. Aligeuka kushoto na kulia mbele ya kioo mpaka nikamfukuza.

Waliobaki nikawaita mmoja mmoja, na kila mmoja nikamwambia maneno yale yale. Bi Sheha, mama mkubwa wa Raya, mfupi wa kiwiliwili na mwenye kifua cha kuwatosha watu wawili, alifungua mkanda wake kabla sijamaliza. Kwake nilishusha kiuno vidole viwili na kukata shingo ndefu ya kuteremka, kifua kikapata pa kupumulia na tumbo likanyamaza. Mwingine alikuwa na kiuno ambacho mchoraji angekililia. Huyo nilimwachia pale pale, kwenye inchi kumi na tano za Bi Taghreed, maana hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku. Mwingine, ambaye sitamtaja, lastiki ilipogoma kushuka nilimtazama machoni, naye akanitazama. Nikampandishia kiuno chini ya kifua na sikuuliza miezi mingapi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Hakuna aliyekataa. Nilitegemea wawili watakataa, nilikuwa nimeshawapangia matusi. Mikanda saba yao na mmoja wa Raya mwenyewe, minane. Wa tisa ulikuwa wa Bi Taghreed, na sikuuhitaji.

Nikafumua, nikapiga pasi, nikakata. Kile kifua cha gauni lililomkwama Raya nilikifupisha mpaka chini ya matiti, na kilichobaki kikawa mbavu mpya za kukipanua. Kwenye sketi, kati ya kila pande mbili nikaingiza kipande cha mkanda, chembamba juu na kipana chini, mpaka ikazunguka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakuliona gauni la Raya.

Alikuja kulijaribu Alhamisi. Lilipita kichwani, likapita mabega, likashuka lenyewe mpaka miguuni bila kuvutwa. Nikafunga zipu kwa vidole viwili. Raya akakaa kwenye kiti. Akainama mpaka akagusa vidole vya miguu. Akainua mikono juu, akaiacha hapo, kisha akaanza kuizungusha taratibu, mabega yakafuata, na mwanamke yule aliyekuja kwangu akikunja gauni kama la marehemu akacheza peke yake kati ya cherehani na pasi.

"Bi Mize," akasema, "akinizuia mlangoni?"

"Utafanyaje?"

Akafikiri. "Sitasogea," akasema.

Ijumaa nikahi ikafungwa msikitini. Jumamosi baada ya alasiri tukakusanyika nyumbani kwa Azan. Ua ulikuwa umefunikwa turubai jeupe, jukwaa limepambwa, wanawake wamejaa mikekani, udi unapita, matari yameshaanza. Mimi siku za kupamba nakaa chumba cha kuvalia na sindano, uzi na pini kifuani, maana daima kuna kifungo kitakachotoka. Sabah alikuwa amekaa pembeni, kafunikwa uso, hina mpaka kwenye viwiko.

Wenye sare wakaingia mmoja mmoja wakavua mabaibui. Bi Taghreed alikuwa ameshasimama katikati ya chumba na mkanda wake wa vidole vinne, wima, dhahabu shingoni, anapumua kidogo kidogo. Ukutani, kwenye msumari, alikuwa ametundika baibui jeusi la ziada. Kila mtu alijua ni la nani.

Akatazama viuno. Kimoja juu, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja hakuna kabisa. Nilimwona anahesabu.

"Mikanda iko wapi?"

Nikafungua mdomo, lakini Amal akaniwahi.

"Tumempa dada Raya, mama."

Hapo Raya alikuwa mlangoni. Akavua baibui lake. Kijani kikashuka kutoka chini ya kifua mpaka sakafuni, kizito, na alipopiga hatua kile kitambaa cha mikanda minane kikafunguka na kujifunga. Bi Sheha akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, akajiziba mdomo.

Bi Taghreed akanigeukia mimi kwanza. "Fundi, nilikwambia mstari mmoja!"

"Uliniambia. Nami nilikwambia hawana kiwiliwili kimoja."

"Umeniharibia!"

"Watazame, Bi Taghreed. Sahau picha ya simu, watazame wao. Yupi nimemharibu?"

Hakuwatazama. Alikwenda msumarini, akalivuta lile baibui, akamtupia Raya kifuani. "Jifunike uende jikoni. Nilisema ambaye sare haikumkaa hapandi."

Raya hakulidaka. Liligonga kifua chake likaanguka chini kati yao.

"Imenikaa, shangazi," akasema. Akasogeza kiti cha karibu, akakaa. Akainama. Akainua mikono. Halafu akasimama pale pale, mbele ya mlango wa kutokea uani, na hakusogea.

Nje matari yalibadilika; walikuwa wanamwita bi harusi. Bi Taghreed akasema kitu kwa Kiarabu, kwa hasira, akainama kuliokota lile baibui mwenyewe.

Zipu ilipasuka kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno. Tuliisikia wote, hata Sabah ndani ya ushungi wake. Mkanda peke yake ndio ulioshika, katikati, na juu yake na chini yake gauni limeachama kama samaki aliyepasuliwa. Akanyooka haraka, mikono nyuma, uso umemshuka.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Shona."

Nilikuwa na sindano, nilikuwa na uzi. Nikagusa ubavu wa gauni ili nisije nikaambiwa sikugusa. "Sina cha kushona, Bi Taghreed. Akiba tulikata."

Nasema wazi kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeingoja sauti ile kwa siku kumi. Na nilitegemea Raya naye afurahi, amwambie shangazi yake avae baibui aende akaonje pilau kama kuna chumvi. Angekuwa na haki. Mimi ningemwambia, na zaidi ningemwambia.

Bi Taghreed alikuwa tayari ameshalishika baibui. Shangazi ndiye anayepanda nyuma ya bi harusi. Asipopanda, Maskati nzima itauliza kwa nini. Akipanda na baibui, itauliza zaidi. Alikuwa ameliweka begani.

Raya akamtazama. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua lile baibui begani kwake, akalirudisha msumarini.

"Mimi sitasema ambaye sare haikumkaa hapandi," akasema. "Maneno hayo ni yako, shangazi, kaa nayo. Njoo usimame nyuma yangu. Usiniache hata hatua moja. Mimi ni mpana, nitakuziba."

Bi Taghreed alikuwa amegeuka rangi ya hina iliyofifia. Halafu akainua pindo la mbele kidogo, akapita, akasimama nyuma ya Raya, na Amal akajisogeza kumziba mgongo.

"Karibu zaidi," Raya akasema bila kugeuka.

Akasogea.

Raya akamshika Sabah mkono wa kulia, mlango ukafunguliwa, na vigelegele vikatupiga usoni. Walikwenda taratibu. Alimshika mkono mpaka akakaa, kama alivyoombwa. Sikuweza kuona vizuri, macho yangu siku hizi hayanitii.

Video ilikwenda Maskati, na mimi nimeionyeshwa mara nyingi. Utawaona wanawake wanane wa nyumba hiyo, viuno vinane, kila mmoja pale alipoumbwa. Wa tisa humwoni. Kila Raya anapogeuka, nyuma ya bega lake kuna kichwa kimoja chenye dhahabu, kinageuka naye.

Wiki iliyofuata Bi Taghreed alinipigia simu. Hakusalimia. Alisema ana kitambaa, ana harusi nyingine Lugoba mwezi ujao, na kwamba atamtuma mtu aniletee gauni la kipimo.

Nikamwambia magauni sipokei tena. Futi ya kupimia iko hapa, na kiti kiko hapa. Aje mwenyewe, akae.